Taa za wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji: tubadilishe mirija, tufunge paneli mpya, au tuweke sola ya kujitegemea?

Mganga Mfawidhi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninasimamia kituo cha afya cha vijijini katika Kanda ya Ziwa, ambacho zamani kilikuwa zahanati na sasa kina wodi ya wazazi, chumba cha kujifungulia chenye vitanda viwili, na chumba kimoja cha upasuaji. Jengo la wazazi lina fitingi 30, kila moja ikiwa na mirija miwili ya wati 36, na zaidi ya nusu yake ama zinapepesa ama zimekufa kabisa. Umeme wa gridi tunao, lakini masika hukatika mara kwa mara, na jenereta letu huwashwa kwa mkono na mlinzi ambaye kwanza inabidi aamshwe.

Nimeletewa mapendekezo matatu. La kwanza ni kuziacha fitingi zilizopo na kubadilisha mirija tu, iwekwe ya LED. La pili ni kung'oa kila kitu na kufunga paneli mpya za LED. La tatu ni kuziacha taa za gridi kama zilivyo na kuweka mfumo wa sola wa volti 12 kwa vyumba muhimu peke yake. Fedha tuliyonayo haitoshi kufanya yote, na kila aliyeniletea pendekezo anauza bidhaa anayoipendekeza. Naomba mnilinganishie kwa haki.

Fundi Sanifu

Daktari, nianze na pendekezo la kwanza kwa kuwa ndilo nililolifanya mara nyingi. Hesabu yake inavutia: fitingi ya mirija miwili ya wati 36, pamoja na kinachopotea kwenye choki (kifaa cha ndani ya fitingi kinachodhibiti umeme wa mrija), hula takriban wati 90, kwa hiyo jengo zima ni wati 2,700. Ukiweka mirija ya LED ya wati 18, jumla inashuka hadi wati 1,080. Zikiwaka saa 12 kwa usiku, unatoka kwenye yuniti 32.4 hadi karibu yuniti 13. Hapo ndipo wauzaji huishia.

Wasichokwambia ni kwamba ipo mirija ya LED inayopokea umeme upande mmoja na mingine pande zote mbili, na kwamba mafundi wengi huchomeka mrija mpya bila kuitoa choki wala kubadilisha nyaya za ndani. Nilikabidhiwa jengo moja ambalo mkandarasi aliyetangulia alikuwa amefanya hivyo, na katika miezi michache mirija ilianza kuzima mmoja baada ya mwingine. Ukiamua njia hii, choki na stata (kiwashio cha mrija) zitolewe, nyaya zifungwe upya, na ndani ya kila fitingi ibandikwe karatasi inayoeleza kwamba mrija wa zamani hauruhusiwi tena humo. Vinginevyo siku moja mtu mwenye nia njema ataupachika mrija wa kawaida aliouokota stoo. Kagua pia vishikio vya mirija, kwa maana vya miaka 10 au 15 hukauka na kumeguka ukivigusa.

Kwa korido, stoo na ofisi, sioni ubaya wa njia hii. Kwa chumba cha kujifungulia, nasita.

Mkunga wa Zamu

Naomba kuongeza neno, kwa sababu katika mazungumzo ya namna hii wati huzungumzwa sana na anayefanya kazi chini ya taa huzungumzwa kidogo. Mimi sihitaji chumba king'ae. Nahitaji kuona mambo matatu, nayo ni rangi ya damu inayotoka, mahali hasa msamba ulipochanika, na rangi ya mtoto. Kwa watoto wetu ubuluu wa kukosa oksijeni hauonekani mgongoni wala miguuni katika dakika ile ya kwanza. Unatafutwa kwenye ulimi, fizi na midomo. Tuliwahi kuletewa taa nyeupe kali zenye kuelekea samawati, ambazo wageni wote walizisifu, lakini chini yake kila mtoto alionekana kama amepauka, na tulikuwa tukimsogeza dirishani ili tuwe na hakika. Usiku dirisha halisaidii.

Jambo la pili ni mahali taa ilipo. Fundi hupenda kuiweka katikati ya dari, juu kabisa ya kitanda, kwa sababu mchoro unapendeza hivyo. Mama aliyelala chali anaikodolea macho saa nane, nami nikiinama kushona, kichwa changu kinatupa kivuli palepale ninaposhona.

Mhandisi Vifaa Tiba

Dada Mkunga ameeleza kwa lugha ya kazi kile ambacho viwango vya kimataifa vinaeleza kwa namba. Kiwango cha Ulaya cha EN 12464-1 kinataka wodini luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 100 za mwanga wa jumla, luksi 300 kwa kusoma au uchunguzi mwepesi kitandani, luksi 1,000 kwa uchunguzi na matibabu, na luksi 5 tu za usiku ili wagonjwa walale na muuguzi aone njia. Chumba cha upasuaji chenyewe kinatakiwa kiwe na luksi 1,000, mbali na taa ya upasuaji inayoning'inia juu ya meza, ambayo kwa kiwango cha IEC 60601-2-41 hutoa kati ya luksi 40,000 na 160,000 katikati ya duara lake, umbali wa mita moja. Kwa hiyo yeyote anayekwambia kwamba paneli nzuri za dari zitatosha kwa upasuaji, mshukuru na umpe kwaheri.

Kuhusu rangi, kuna vipimo viwili vya kusoma kwenye boksi. Cha kwanza ni Ra, yaani uaminifu wa taa katika kuonyesha rangi, ambacho kwa uchunguzi na matibabu kisiwe chini ya 90. Taa nyingi za madukani ni 80 au pungufu. Cha pili ni kelvini, yaani kama mwanga unaelekea manjano (namba ndogo) au samawati (namba kubwa). Australia na New Zealand zina kiwango kinachohusika hasa na kutambua ubuluu wa mgonjwa aliyepungukiwa na oksijeni, na kinataka taa za maeneo hayo ziwe kati ya kelvini 3,300 na 5,300. Zile taa za samawati alizozilalamikia dada yetu bila shaka zilikuwa za 6,500. Chagua 4,000 na usibabaishwe na neno "mchana" lililoandikwa kwenye boksi.

Sasa hesabu ya chumba cha kujifungulia, tuseme cha mita 5 kwa 4. Ukitaka luksi 300 za jumla kwenye mita za mraba 20, unahitaji lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 6,000 zifike kitandani. Si mwanga wote unaotoka kwenye taa unaofika: chukua nusu kwa sababu ya kuta na dari, kisha asilimia 80 ya hiyo kwa sababu ya vumbi na uchakavu. Gawa 6,000 kwa 0.4, unapata lumeni 15,000, yaani paneli 4 za wati 40 zenye lumeni 4,000 kila moja. Zipange mbili mbili pembeni mwa vitanda, si juu yake. Luksi 1,000 usizitafute kwenye dari. Zipatikane kwa taa ya uchunguzi yenye shingo inayopinda, moja kwa kila kitanda. Mirija ya LED ndani ya fitingi za zamani inaweza kukupa wingi wa mwanga, lakini haitakupa mahali sahihi, kwa sababu fitingi zimeshapigiliwa zilipo.

Kabla sijasahau, paneli za vyumba hivi ziwe na alama ya IP65 (haziingizi vumbi wala maji ya kurushwa) na uso uliofungwa, kwa kuwa zitapanguswa kwa klorini. Huko kwenu ziwani kuna sababu nyingine, nayo ni wadudu. Nimefungua fitingi ambazo nusu ya mwanga wake ilikuwa imezibwa na kumbikumbi wa misimu miwili.

Sola Kigoma

Nimesoma yote kwa heshima, ila naona mnapamba nyumba isiyo na mlango. Daktari amesema jenereta lake huwashwa na mlinzi aliyelala. Paneli zenye Ra 90 zina Ra sifuri umeme ukikatika. Daktari Laura Stachel, bingwa wa uzazi kutoka Marekani, alipokwenda kaskazini mwa Nigeria mwaka 2008 alishuhudia upasuaji ukikwama kwa kukosa taa, na kutokana na hayo likazaliwa lile sanduku la njano la We Care Solar, lenye taa na betri, ambalo limefika Uganda na hata hapa Tanzania. Hakuanza na uzuri wa rangi; alianza na kuwepo kwa mwanga.

Mfumo wenyewe si mkubwa. Taa 8 za LED za wati 9 ni wati 72. Kwa saa 12 ni watisaa 864. Ukitaka siku mbili zisizo na jua, ni 1,728. Betri za risasi zisitumiwe zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji watisaa 3,456, sawa na ampisaa 288 kwa volti 12. Za lithiamu zinazovumilia kutumiwa asilimia 80 zitakuwa ampisaa 180. Paneli ya sola ya wati 300 inatosha kuzijaza.

Fundi Sanifu

Ndugu yangu wa Kigoma, hesabu ya betri ni sahihi, lakini umeusahau waya. Wati 72 kwa volti 12 ni ampea 6. Betri ikiwa stoo, mita 20 kutoka chumba cha kujifungulia, umeme unasafiri mita 40 kwenda na kurudi, na kwa waya wa milimita za mraba 2.5 unaotumiwa kila mahali unapoteza karibu volti 1.8, yaani asilimia 15. Taa zitafifia, kisha utaambiwa betri ni mbovu. Ama utumie waya wa milimita 6, ambao bado unapoteza kama asilimia 6, ama mfumo uwe wa volti 24.

Mimi ningeweka inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi) na betri zinazolisha sakiti chache zilizochaguliwa, ili paneli zilezile nzuri ziwake gridi ikiwepo au isiwepo. Kununua seti mbili za taa kwa chumba kimoja ni kulipa mara mbili.

Sola Kigoma

Nakubali kuhusu waya, na volti 24 ni wazo zuri zaidi. Kuhusu inveta sikubali. Palipo na inveta pana soketi, na palipo na soketi patachomekwa birika la umeme na simu za ndugu wote wa wagonjwa. Kituo kimoja nilichokihudumia, betri ilikuwa ikiisha saa tatu usiku, na uchunguzi wetu wa kitaalamu ukaishia kwenye televisheni ya chumba cha wauguzi. Tena inveta ikiungua, vyumba vyote vinazima kwa pamoja.

Mhandisi Vifaa Tiba

Mabishano haya yanamalizika ukitenganisha vyumba. Kanuni za IEC za ufungaji wa umeme kwenye maeneo ya tiba zinasema taa ya meza ya upasuaji irudi ndani ya nusu sekunde na iweze kudumu saa 3, wakati taa nyingine za usalama zimepewa hadi sekunde 15. Hakuna jenereta la kuwashwa kwa mkono linaloweza nusu sekunde, hata mlinzi awe macho. Kwa hiyo taa ya upasuaji inunuliwe ikiwa na betri yake, bila mjadala. Nimewahi kusimama kwenye chumba cha upasuaji wakati jenereta linatafuta kasi yake, simu ya mtu ikimulika tumbo lililo wazi, na zile sekunde ni ndefu.

Inveta inafaa kwa chumba cha kujifungulia, kwa sharti kwamba sakiti yake iwe ya taa tu na isiwe na soketi hata moja.

Mkadiria Majenzi

Kwa ufupi, kwa upande wa zabuni. Usiandike "taa ya LED wati 40" kwenye mchanganuo wa gharama, kwa maana utaletewa ya bei ya chini kuliko zote na utakosa pa kulalamikia. Andika lumeni, Ra, kelvini, IP na muda wa dhamana, kisha dai kifaa cha kuzuia miruko ya umeme kwenye bodi ya usambazaji, kwa sababu umeme unaporudi ndipo draiva za LED (vifaa vinavyozilisha umeme) hufa. Anayefunga awe na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) inayolingana na kazi hiyo.

Mirija ya zamani ina zebaki, hivyo isipondwe wala isitupwe kwenye shimo la taka. Ifungwe kwenye maboksi ya mipya. Wala usinunue mingine ya kuweka akiba, kwani nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba kuitengeneza, kuiingiza nchini na kuisafirisha nje vikome kwa hatua, hatua ya mwisho ikiwa 2027.

Mganga Mfawidhi

Nawashukuru sana. Nimekaa na kamati ya kituo na tumeamua hivi: mirija ya LED, na nyaya zifungwe upya, kwa korido, ofisi na wodi, ambako nusu ya fitingi itakuwa na swichi yake ili usiku tupunguze mwanga, paneli za Ra 90 na kelvini 4,000 kwa chumba cha kujifungulia na cha upasuaji, zikiwa kwenye sakiti ya inveta isiyo na soketi, na taa ya upasuaji yenye betri. Ombi la ndugu yetu wa Kigoma tumelichukua kwa sehemu: taa mbili ndogo za volti 24 zitafungwa moja kwa moja kwenye betri, moja kwa kila kitanda cha kujifungulia, ili inveta ikiungua tusibaki gizani. Kabla ya kutia saini ya kupokea kazi, tutapima luksi saa tatu usiku na kuizima swichi kuu ya gridi bila kumtaarifu mkandarasi.

Mkunga wa Zamu

Daktari, ninaomba jambo moja liongezwe kwenye mchoro. Swichi ya taa ya uchunguzi isiwekwe mlangoni. Iwe ukutani upande wa miguu ya kitanda, kimo cha kiwiko, nami niweze kuisukuma bila kutumia kiganja, kwa maana wakati ninapoihitaji glovu zangu zimeshalowa.