Mrejesho: punda mzee anayekonda na jike mwenye mimba

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini punda wangu mzee anakonda ilhali nampa pumba kuliko wenzake, na kama jike mwenye mimba aendelee kuvuta mkokoteni wa maji hapa Muheza.

Mzee shida ni meno, kama alivyohisi mmoja wenu. Daktari wa mifugo alimfungua kinywa: magego ya juu yana ncha kali upande wa shavu, mengine yamelika kabisa. Ndiyo maana alikuwa akitema mafundo ya majani yaliyotafunwa nusu. Ncha zimesagwa. Mabua simpi tena. Namkatia majani laini vipande vifupi, na pumba nazilowanisha ziwe kama uji mzito, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Mbavu zimeanza kufichika. Mkokoteni basi, huyu kastaafu.

Jike nimempumzisha. Mimba ya punda huchukua takriban miezi 12, na yake imekaribia mwisho. Daktari alisisitiza kwamba akigoma kula hata siku moja nisisubiri, nimpigie simu, kwa sababu mafuta ya mwilini hujaa kwenye damu na kuharibu ini. Wanene ndio walio hatarini zaidi. Kwa hiyo ninyi mliosema nimshindilie pumba azae mtoto mkubwa, hapana jamani.

Yule dume wa miaka miwili, jirani anamtaka kwa kazi ya kubeba mchanga. Asubiri afikishe minne, mifupa ikomae.