Naomba ushauri: neno "watumwa" katika kumbukumbu za Nahodha Amasa Delano

Ndugu zangu, ninatafsiri kwa Kiswahili sura moja ya kumbukumbu za Amasa Delano, nahodha wa Massachusetts aliyechapisha kitabu chake Boston mwaka 1817, na nimekwama mahali panaponiumiza. Mwaka 1805, karibu na pwani ya Chile, aliikuta merikebu Tryal, ambamo Waafrika wa Magharibi waliokuwa wakisafirishwa kuuzwa walikuwa wameasi na kumlazimisha nahodha wao Mhispania ajifanye bado ndiye mwenye amri. Delano alipogundua, aliwatuma mabaharia wake kuiteka, na viongozi wa maasi walionusurika wakahukumiwa kifo huko Concepción. Yeye anawaita watumwa tu. Je, niliache neno hilo, au niandike "waliofanywa watumwa" na kueleza katika tanbihi?

Pia, je, utangulizi uguse ukoo wake? Rais Franklin Delano Roosevelt ni wa ukoo huo kwa upande wa mama, na babu yake, Warren Delano, alitajirika kwa biashara ya China, dawa ya kulevya ya afyuni ikiwemo. Mimi naona uguse, ila nahofia Mori, mmoja wa viongozi wa maasi yale, na wenzake watafunikwa tena na jina kubwa. Nitashukuru kwa maoni ya waliowahi kutafsiri maandishi ya namna hii.