Ulimaliza chuo, kesho yake uliamkia wapi? Tupeane uzoefu, watu wa Lubumbashi

Mwana Kamalondo
Juzi mdogo wangu ametetea memwari yake, ile tasnifu ya kumaliza masomo, hapa Unilu, chuo kikuu chetu. Tulimmwagia poda kichwani, tukala, tukacheza mpaka majirani wakagonga ukuta. Asubuhi poda ingali masikioni mwake, akaniuliza: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa), kesho ninaamkia wapi?" Nilikosa jibu. Mimi nilimaliza 2014 na nilikaa miaka 3 nikingoja simu. Naomba kila mtu aeleze lake. Njia yako uliionaje? Nani alikushika mkono, na wewe umemshika nani?

Ruashi Yetu
Swali hilo limenichoma. Mimi nilikuwa natoka nyumbani saa mbili asubuhi, nimevaa shati la kupiga pasi, bahasha ya kahawia kwapani, ili mama asinione nimekaa. Nilikuwa sina pa kwenda. Nafika mjini kwa miguu, nazunguka posta, narudi saa kumi na viatu vyenye vumbi. Mama ananiwekea bukari, ugali wetu, haulizi kitu. Kumbe alijua siku zote.

Bibi Shamba
Na mimi vilevile, ila bahasha yangu ilikuwa ya kijani.

Depo ya Kolwezi
Nimesoma hadi hapo nikaona nisilale bila kueleza.

Baba alikuwa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Alitoka 2003, pamoja na wale zaidi ya 10,000 walioondoka kwa "departi volonteri", kuacha kazi kwa hiari. Tangu hapo nyumbani kwetu, ukisema kazi, maana yake ni kampuni ya migodi. Nikasoma uchumi kwa ajili hiyo tu. 2016, mzee mmoja aliyesali pamoja nasi akasema anamjua mkubwa wa wafanyakazi kwenye mgodi huko Kolwezi. Dola 500. Mama akauza friza yake ya kuuzia maji baridi. Pale iliposimama sakafu ilibaki nyeupe, mraba kamili, na kila nikipita nilikuwa nauruka kana kwamba kuna mtu amelala.

Barua ikaja, ina muhuri na sahihi. Jumapili nikaitwa mbele, kanisa zima likaniombea. Nikanunua buti za kazini. Kilomita kama 300, nikiwa nimeikumbatia barua isikunjike. Saa kumi na mbili asubuhi niko getini. Mlinzi akaitazama, hata hakuisoma. Akaingia kibandani mwake, akatoka na rundo la barua kama yangu, muhuri uleule. Akaiweka ya kwangu juu. Hakunicheka. Aliniuliza kama nimekula.

Watu wengi wangesema ubaya ni ule wa getini. Hapana. Ubaya ulikuwa jioni, mama alipopiga simu, nikamwambia nimeanza kazi. Nikamwambia na kantini ina chakula kizuri. Nikasikia anageuka na kuwapigia kelele watu wa avenyu: "Ameanza!" Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la saruji kwenye depo ya mtu, nabeba mizigo kwa faranga za siku hiyo.

Uongo huo niliubeba wiki 7. Mwenye depo ndiye aliyeniona nikisahihisha daftari lake la magunia, maana hesabu zilikuwa zinamla. Akaniachia daftari, kisha ufunguo. Leo naangalia depo 4 za watu watatu. Friza nilimrudishia mama 2019. Ni ndogo kuliko ya zamani, mraba mweupe bado unaonekana pembeni.

Ruashi Yetu
Yaya, nimelia hapa mbele ya watoto.

Bibi Shamba
Yule mzee alikamatwa?

Haki Kwanza
Pole sana, lakini nitasema. Dola 500 zile zilikuwa za kununua nafasi. Barua ingekuwa ya kweli, ungeingia, na kijana wa Kolwezi mwenye diplome ileile angebaki nje. Tunalia pistoni, yaani kuingizwa kazini na mtu wa kujuana naye, ikitukosa tu.

Mwana Kamalondo
Haki Kwanza, mtu ameeleza jeraha, wewe unamletea hukumu?

Mtoto wa Manika
Mwacheni, amesema la kwetu sisi wa Kolwezi. Tangu mkoa wa Katanga ugawanywe 2015 tunaambiwa Lualaba ni mkoa wetu, na bado kila basi kutoka Lubumbashi linashusha watu wenye barua mkononi. Sisi tuna vumbi tu la malori.

Ruashi Yetu
Sasa mtu wa Lubumbashi asitafute? Wazee wetu walihamishwa na kampuni kati ya Likasi, Kolwezi na hapa, nani akaulizwa amezaliwa wapi?

Depo ya Kolwezi
Msigombane kwa ajili yangu. Haki Kwanza ana haki. Wakati ule sikumfikiria kijana yule hata dakika moja. Sasa nikitafuta msaidizi wa depo nachukua wa hapa Kolwezi, na sichukui hata faranga ya mtu. Mzee yule hakukamatwa, alihama.

Fundi Licensié
Turudi kwa mtoto. Mimi nina licence, digrii, ya historia, miaka 5 ya zamani, si hii 3 ya mfumo mpya wa LMD. Nilikwenda INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, kujifunza kuchomelea. Rafiki zangu wa promosheni, niliomaliza nao chuo, walikuwa wanapita upande mwingine wa barabara. Leo napata mageti kila wiki. Mpelekeni akashike chuma.

Maître wa Katuba
Usimwambie mtu aliyetetea juzi aende kuchomelea! Ametetea nini, kwanza? Hata hatujauliza amesoma nini.

Mwana Kamalondo
Kweli, samahani. Sosholojia.

Bibi Shamba
Ajifunze Kiingereza. Zambia iko hapo tu, mpakani Kasumbalesa kila siku wanatafuta wanaoongea na madereva.

Mtoto wa Manika
Kichina ndiyo kazi.

Fundi Licensié
Alale wiki 2 kwanza. Nasema kweli, mimi niliugua kwa kukimbia.

Maître wa Katuba
Mimi nafundisha, na kila Jumamosi nakaa na vijana 6 waliomaliza, chini ya mwembe wa kwetu. Mwanzo nilikuwa nawasahihishia CV. Niliacha. Walikuwa na CV nzuri za kazi wasizozijua. Sasa kila mmoja anamtafuta mtu anayefanya kazi anayoitamani, anamwuliza jambo moja: kati ya saa moja na saa nne asubuhi, mikono yako inafanya nini? Binti mmoja alitaka ofisi za mashirika. Aliyemwuliza akamjibu kwamba asubuhi nzima huwa anajaza jedwali la watu waliopewa mahindi. Binti akarudi amechangamka, akasema "hiyo ndiyo naipenda." Mwingine akasikia jibu lilelile akakimbia. Wote wawili walisaidika. Mwana Kamalondo, mlete mdogo wetu.

Mwana Kamalondo
Aksanti sana, maître, mwalimu wetu. Amesoma yote haya begani mwangu. Anauliza aje saa ngapi, na alete dosye, lile faili la vyeti vyake?

Maître wa Katuba
Saa tisa. Alete daftari na lile swali lake. Dosye aiache nyumbani.