Mume anasema sijachangia hata tofali moja. Kazi za nyumbani zinahesabika au hazihesabiki?

Mama Watatu

Habari zenu ndugu zangu, naomba mnisome mpaka mwisho maana naandika nikiwa na presha.

Niko kwenye ndoa mwaka wa 17 sasa, tuna watoto watatu. Sijaajiriwa, niliacha kazi ya dukani nilivyopata mimba ya kwanza, mume akasema kaa ulee mtoto mi ntatafuta, tukakubaliana vizuri tu. Mwaka jana akaanza kubadilika na sasa hivi anataka kuuza nyumba eti apate mtaji, nikimuuliza sisi tunaenda wapi ananiambia nyumba yangu, hati ina jina langu, we ni golikipa hujachangia hata tofali moja. Kasema hivyo mbele ya mdogo wangu.

Hilo la tofali ndo limeniuma. Tulivyonunua kile kiwanja kilikua pori, yeye kazi yake ilikua mkoani anarudi mwisho wa mwezi, aliyekua saiti ni mimi. Nimemwagilia zile tofali asubuhi na jioni kwa ndoo, maji nayatoa kisima cha jirani mtoto yuko mgongoni. Nimewapikia mafundi toka msingi mpaka linta, nimepokea malori ya mchanga na kokoto saa tano usiku, mbao na bati zilivyokuja nikalala kwenye boma na watoto wiki tatu maana tungeibiwa. Hakuna risiti ya hayo yote.

Juzi redioni nikasikia wanaongelea wanawake wa nchi moja Ulaya waligoma kazi zote hadi za nyumbani, nchi nzima ikasimama. Nikajiuliza je kwetu sheria inazitambua hizi kazi, au ukitoka unatoka na begi lako tu? Na anaweza kuuza mi nikiwa sijakubali?

Msaidizi wa Kata

Pole sana dada angu. Mi ni msaidizi wa kisheria, kesi za hivi naletewa kila wiki na wengi wanakuja nyumba imeshauzwa, bora wewe umewahi.

Naanza na la haraka. Hati kuwa na jina lake isikutishe. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inasema nyumba ya wanandoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haiwekwi rehani bila mwenza kuridhia, maadamu ndoa bado ipo. Nenda ofisi ya ardhi uulize utaratibu wa kuweka zuio kwenye hiyo hati, mnunuzi akienda kuikagua atalikuta. Na mwenyekiti wa mtaa ajue mapema, mauziano mengi yanapita mezani kwake.

Sasa kuhusu kazi za nyumbani. Kifungu cha 114 kinasema mahakama ikigawa mali iangalie kila mmoja alichangia nini, kwa pesa, kwa mali au kwa KAZI. Hilo neno kazi lilileta ubishi miaka mingi, majaji wengine walisema kupika na kulea ni wajibu wa mke tu haina uhusiano na mali, wengine wakasema hapana na hiyo ni kazi. Mwaka 1983 ndo Mahakama ya Rufani ikamaliza ubishi, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Jaji Mkuu akiwa Nyalali. Wakasema kazi za mke nyumbani ni mchango kwenye kuchuma mali, na ni mchango unaostahili mgao.

Ila nikwambie ukweli wote, Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu mume alishampa hela huko nyuma na mahakama ikaona alizitapanya. Yaani jina lake limewafungulia mlango maelfu ya wanawake na yeye akabaki nje. Mi huwa nawaambia kinamama wote wanaokuja kwangu, mjue huyo mama alikua nani.

Mkopo wa Miaka Sita

Naomba nichangie kama mwanaume na sina nia mbaya. Nimejenga kwa mkopo wa saccos nikakatwa mshahara miaka sita, kuna miezi nilikua napokea nauli tu. Dada aliyeanzisha mada ana haki ya kukaa kwenye hiyo nyumba sikatai, lakini tukianza kuhesabu nani kapika na nani kafua, ndoa si inageuka daftari la duka? Mke wangu akipika anapika kwa upendo, sasa upendo nao utaandikiwa bei?

Mama Watatu

Kaka angu nimekuelewa na hasira sina. Ila nikuulize, hiyo miaka sita unakatwa, nyumbani kwako mlikula nini? Kwangu mume alivyokua anakatwa mkopo tulikula mihogo na ubuyu niliokua nauza pale mlangoni, ada ya chekechea ya wa kwanza ilitoka kwenye ubuyu. Yeye aliweza kulipa mkopo kwa sababu kula hakumgusi. Kazi nilifanya kwa upendo kweli kabisa, wala sikuwahi kuidai. Yeye ndo kaanza kuhesabu siku aliyoniambia sina tofali.

Bahari ya Kaskazini

Dada nchi uliyoisikia redioni ni Iceland, mi niko Denmark mwaka wa 11 na nimefanya kazi na wamama wa kule, hiyo siku wanaisimulia kama sisi tunavyosimuliwa habari za uhuru. Ilikua tarehe 24 Oktoba 1975, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa wa wanawake. Wanaharakati walitaka mgomo, wengine wakaogopa watafukuzwa kazi, wakakubaliana waiite siku ya mapumziko, kwa hilo jina hata bibi wa kijijini akaona na yeye anaweza kutoka. Wakatoka wanawake 9 kati ya 10! Maofisini, viwanda vya samaki, mashuleni, na majumbani pia, hapikiwi mtu wala habembelezwi mtoto. Nchi wakati huo ilikua na watu laki mbili na ushee, Reykjavík mji mkuu peke yake walikusanyika kama 25,000.

Wanaume ikabidi waende na watoto kazini, wakiwanunulia pipi na penseli wakae kimya, watangazaji wakisoma habari redioni sauti za watoto zinasikika nyuma. Soseji ziliisha madukani kwa sababu ndo chakula pekee walichojua kupika. Siku moja tu hiyo. Mwaka uliofuata bunge likapitisha sheria ya usawa, na 1980 wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kuwa rais kwa kupigiwa kura na wananchi, na alikua mama anayelea mtoto peke yake.

Na bado hawajasema yametosha, 24 Oktoba 2023 wakagoma tena siku nzima na waziri mkuu wao wa wakati huo Katrín Jakobsdóttir akagoma nao. Kaka wa mkopo, upendo hauna bei sawa, ila bei ya kazi mahakama zimeshaipiga. China 2021 mahakama ya Beijing iliamuru mume amlipe mke yuan 50,000 kwa kazi za nyumbani za miaka mitano ya ndoa. Hispania 2023 mahakama iliamua mama mmoja alipwe euro 204,624 kwa miaka 25, walichukua kima cha chini cha mshahara wakazidisha. Mimi hiyo ya China nikiisoma roho inauma, hela kidogo sana kwa miaka mitano ya mtu.

Nyar Eldy

Niko Kenya, dada pole sana. Huku tuko na sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 na imeandika wazi mchango usio wa pesa ni nini, kazi za nyumba, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, hata kuwa tu mwenza wa mtu imetajwa. Lakini msidhani ukiingia kortini unapewa nusu moja kwa moja. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mtu aonyeshe alichangia nini. Na hapo ndio wamama tunaumia, kwa sababu mwanaume anakuja na stetimenti za benki na wewe unakuja na mikono yako. Nani huwa anaandika leo nimechota maji mara kumi? Nilishuhudia haya kwa dada yangu, wakili alimuuliza uko na ushahidi gani akaanza kulia pale pale.

Kwa hivyo tafuta mashahidi mapema, wale mafundi wako hai?

Msaidizi wa Kata

Huyu wa Kenya kasema neno, na huku ni hivyo hivyo. Shahidi sio lazima awe ndugu. Fundi, jirani mwenye kisima, dereva wa lori, mjumbe aliyekuona umelala bomani. Picha za zamani pia. Na kabla ya talaka kufika mahakamani lazima mpite baraza la usuluhishi la ndoa, hata la kata lipo, sasa hayo maneno ya golikipa na tofali ukayaseme pale yaandikwe.

Mkopo wa Miaka Sita

Nimesoma zote. Dada la mihogo na ubuyu limeniingia, kwangu mke alikua anashona vitambaa na sikuwahi kuuliza hela inaenda wapi. Nyumba ile jina ni langu peke yangu. Ntaulizia ardhi wanaongezaje jina la pili.

Mama Watatu

Asanteni sana, nimelia lakini nimepata nguvu. Fundi mkuu yupo, anakaa Mbagala, nimempigia leo akaniambia mama mimi nakumbuka mpaka siku uliyotupikia samaki tulivyomaliza linta, niite popote. Jirani wa kisima amefariki ila mwanae yupo. Na nimekumbuka kitu, nilikua na daftari la vifaa, kila lori lililoingia nilikua naandika tarehe na idadi na dereva anasaini ili mume akirudi nimuonyeshe. Nimelipata chini ya kabati, mwandiko wote wangu, kurasa 40 na kitu.

Msaidizi wa Kata

Dada hilo daftari lisilale hapo nyumbani hata leo. Lipige picha kila ukurasa, zitume kwa mdogo wako aliyekuwepo siku ile, na lenyewe kesho asubuhi ukienda ardhi pita umuachie.