Tupeane uzoefu: mbolea ya ruzuku ilikufikiaje shambani, Lamu na Malindi

Wakulima wenzangu wa Mpeketoni, Hindi, Witu, visiwani, Magarini na Langobaya, salamu. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hapa Kenya ulishuka hadi shilingi 3,500 Septemba 2022, halafu 2,500 mwezi wa nane 2023, na tunakumbuka vile kabla ya hapo ulikua umepita 6,000. Hio ni nafuu kubwa na nashukuru. Lakini bei ya depo, pale unapochukulia mfuko, sio bei ya shambani, ndo maana nataka tuambiane: mesej ya vocha, ile ya kununulia kwa bei ya ruzuku, ilikuja lini, na mfuko ulikula ngapi mpaka ukafika shambani kwenye mahindi? Mimi niko ndani huku nyuma ya Mpeketoni. Boda alibeba mfuko mmoja mmoja sababu njia ilikua matope, na ukijumlisha nauli yangu na ya mzigo ile nafuu yote inabaki kidogo sana. Mbaya zaidi DAP nilipata mhindi ushafika magotini, na DAP ni ya kupandia, unaiweka shimoni siku ya kupanda ndo mizizi iikute pale.

Mama Shamba, Langobaya
Kwangu tabu ilikua laini ya simu. Wakati wa kuandikisha walitaka kitambulisho, namba ya simu, eka ngapi na unalima nini, mzee wangu akatoa namba yake. Amefariki, laini ikafungwa, na mesej ya vocha inaenda kwa namba ile ile. Chifu alinisikiliza vizuri tu, akaniandikisha upya kwa jina langu, lakini mvua haingoji karatasi, msimu ule nilipanda na samadi ya mbuzi peke yake. Wanawake wenzangu kama shamba mnalima nyinyi andikisheni majina yenu na laini zenu, msingoje yawakute.

Mkulima wa Faza
Nyinyi wa bara mwalia na boda, sisi kuna boti pia. Nilinunua CAN, ile mbolea ya kukuzia, nikaipakia pamoja na abiria, maji ya chumvi yakarusha njia nzima na mfuko ulikua umetoboka pembeni, kufika nyumbani imeshikana imekua jiwe. Tukaitandika kwenye mkeka na mama watoto, tukaiponda kwa mchi wa kinu. Ilifanya kazi lakini nyengine ilishayeyuka. Siku hizi natia mfuko ndani ya nailoni nzito na siuweki chini kwenye maji ya boti.

Kijana wa Marafa
Mimi nilipata kwa wakati na niseme ukweli mavuno yalipanda. DAP tulipima kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kila shimo, unafunika na udongo kidogo halafu ndo unaweka mbegu, usiigusishe na mbegu itaungua. Ila udongo wetu wa mchanga mvua kubwa ikipiga CAN yote inashuka chini, kwa hivyo naigawa mara mbili badala ya kumwaga yote siku moja. Na ile 2024 iliposikika kuna mbolea feki nchini nilianza kukagua mfuko, nafungua nashika mkononi kabla sijaondoka depo.

Jirani wa Hindi
Mwenye mada, hapo kwa usafiri sisi tuliungana. Kila mtu analipia vocha yake mwenyewe, halafu tunakodi pikapu moja tunagawana nauli kulingana na mifuko. Shida ni kwamba mesej hazitoki siku moja, wengine wanapata mapema wengine wanakaa wakingoja, sasa pikapu inamsubiri nani? Serikali ikitaka kutusaidia kweli ipeleke mbolea karibu, hata kama ni kwa lori la siku moja pale sokoni, na ifike mwezi wa tatu kabla masika haijaanza. Kuna mtu wa Witu hapa? Nasikia mnapitisha yenu kwa ushirika, tuelezeni mlianzaje.