Vichwa vya jedwali kwenye wiki: njia ipi kati ya hizi tatu?

NyarDunga, Kisumu
Hamjambo wote. Tunaunda programu ndogo ya wiki ya kikundi chetu, yaani tovuti ambayo wanakikundi wenyewe wanaiandika na kuihariri, na nimekwama kwenye majedwali. La kwanza ni la samaki wa ziwa: jina la Kiluo, jina linalotumika Tanzania, jina la kisayansi. Omena, dagaa, Rastrineobola argentea. Mbuta, sangara, Lates niloticus. Mstari wa juu ni vichwa, sawa. Lakini hata jina la Kiluo ni kichwa, maana ndilo linalotambulisha mstari wake wote.

Naona njia tatu. Mstari wa kwanza uwe kichwa daima, kama Markdown (uandishi wa alama rahisi) ya GitHub. Au kila kisanduku kiwe na alama yake: kwenye programu za wiki zilizopo, MediaWiki wanatumia "!", DokuWiki "^". Au mwandishi achague kwenye menyu: juu, kushoto, pande zote mbili, hakuna.

FundiNakuru
Ya kwanza. Waandishi wengi wako kwenye simu. Kwangu "^" iko ukurasa wa pili wa alama, na mtu akiikosa jedwali linaharibika.

MwalimuKakamega
Fundi, hapo nakukatalia. Niliwahi kuweka ratiba ya masomo kwa Markdown, siku za wiki zikiwa safu ya kushoto. Haikubali kichwa cha kushoto, kwa hiyo nikazikoleza tu herufi. Mwenzangu asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini, alikuwa akisikia "saa mbili, Hisabati" bila kujua ni ya siku gani. Macho yangu yaliona kichwa. Kompyuta iliona kisanduku kama vingine. Kisanduku cha kichwa lazima kitoke kama "th", alama ya HTML ya kichwa, chenye scope="col" (kichwa cha safu) au scope="row" (kichwa cha mstari). Hilo msilifanye la hiari, tafadhali.

Na asiyetaka kichwa chochote? Kwa Markdown anaacha mstari wa visanduku vitupu juu.

Wafula_Bgm
Menyu ya NyarDunga ni nzuri ila ni finyu. Chukua bei za soko: juu "Jumla" na "Rejareja", chini ya kila moja "Kilo" na "Gunia". Hiyo ni mistari miwili ya vichwa. Badala ya menyu ulizeni namba mbili: mistari mingapi ya juu, safu ngapi za kushoto. reStructuredText, uandishi mwingine wa alama kama Markdown, inafanya hivyo kwenye majedwali yake ya list-table, kwa header-rows na stub-columns.

NyarDunga
Wafula, asante sana, hilo sikulifikiria. Lakini nikitaka kugawa jedwali katikati, samaki wa asili kwanza kisha walioletwa kama mbuta, namba hazinisaidii.

Wafula_Bgm
Hapo ndipo alama ya kisanduku inaingia. Namba zifanye kazi ya kawaida, alama iwe ya pale panapohitajika tu.

FundiNakuru
Hiyo naikubali, mradi asiyegusa kitu apate mstari mmoja juu. Jambo lingine: vichwa vibaki vikionekana mtu akiteremsha ukurasa. Amri ya CSS position: sticky inatosha, lakini mkilifunga jedwali ndani ya kisanduku cha overflow ili lisogee kando kwenye simu, kichwa cha juu kitaacha kushika kwenye ukurasa. Hilo lilinila siku nzima.

NyarDunga
Basi naanza na 1 juu na 0 kushoto, na "!" kwa kisanduku kimoja kimoja. Mwalimu, mwenzako angekubali kutujaribia la samaki kabla hatujalifungua kwa wote?

MwalimuKakamega
Nitamuuliza jioni.