Mrejesho: simu sasa inalala sebuleni

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaomba ushauri: nilikuwa naangalia video fupi hadi saa 8 usiku, na mwanangu alishaacha kunisemesha nikishika simu. Mkaniambia niichaji nje ya chumba. Nimenunua saa ya kuniamsha, simu inalala sebuleni. Siku nne za mwanzo zilinitesa, mkono ulikuwa unapapasa chini ya mto wenyewe. Arifa nimezima zote. Kutoka masaa 6 kwa siku nimeshuka hadi 2 na nusu. Aliyenieleza kuwa ukurasa usio na mwisho, ule unaoleta vitu vipya kila ukiteremsha kidole, ulibuniwa na mbunifu wa programu Aza Raskin mwaka 2006, kisha mwenyewe akaja kujutia, alinisaidia sana. Nilikuwa najiona mvivu tu. Jana mwanangu kanisimulia habari za shule hadi akasinzia.